Presha ya Kaka Melkiori

Kaka yangu Melkiori haogopi nyuki. Naanzia hapo ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mwoga. Enzi anaona vizuri nimemshuhudia kwa macho yangu akipanda mti huko porini nyuma ya Misigiri, mzinga unavuma juu, naye anatia mkono ndani kama mtu anayetafuta chumvi kabatini. Nyuki wakimuuma anawaambia hawana adabu, kisha anaendelea kurina. Sasa mchukue mwanaume huyo huyo, mpeleke hospitali, mzungushie mkononi kile kitambaa cha kupimia presha. Anakuwa mtu mwingine kabisa.

Macho yake yalianza kuingia ukungu taratibu. Kwanza alimsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni mtoto, tukacheka sana. Baadaye akaanza kutembea huku kaweka mkono ukutani, tukaacha kucheka. Madaktari walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wifi yangu Luciana ana magoti mabovu, na mimi Dorika ni mjane ninayekaa ua wa pili, kwa hiyo kazi ya kumshika mkono ikaniangukia mimi. Mtu aliyezoea kwenda kwenye mizinga yake peke yake alfajiri akawa anaongozwa na dada yake mdogo hadi chooni. Hakulalamika hata siku moja. Alichokuwa akisema ni kimoja tu: "Nataka niende kwenye mizinga yangu bila mtu kunishika."

Tiba ya ugonjwa huo inajulikana. Madaktari wa macho huja mara moja kwa mwaka kupiga kambi katika hospitali ya huku kwetu, wanapasua, kesho yake mtu anaona. Watu wa kijiji kizima wamepita mikononi mwao, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa hana macho wala meno, akarudi akiwa hana meno tu. Kaka yangu alirudishwa. Presha yake ilikuwa juu mno, na mtu mwenye presha ya namna hiyo hawampasui jicho. Wakamwambia ahudhurie kliniki, ishuke, aje mwakani.

Tulihudhuria. Daktari wa kliniki alikuwa kijana wa mjini Singida, Daktari Amri, mtoto wa familia ya wafanyabiashara, mpole, adabu zake zimenyooka. Kila tukiingia alisimama, akampa kaka shikamoo kwa mikono miwili. Na kila tukiingia kaka alikuwa kafunga vifungo vyote vya shati hadi kooni, kofia iko gotini, mgongo umenyooka kama anayesubiri kusomewa hukumu.

"Unajisikiaje, mzee wangu?"

"Vizuri kabisa, daktari. Sina tatizo lolote."

Mtu mzima kwetu akisalimiwa hujibu kwamba ni mzima, hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Kulalamika ni kwa watoto. Basi daktari anamwamini, anazungusha kitambaa, anasema kwa upole, "Sasa tulia tu, mzee." Na hapo kwenye kutulia ndipo mambo yalipoharibika. Kaka alitulia mpaka akaacha kupumua. Mabega yalipanda yakagusa masikio. Mashine ikisoma, daktari anatikisa kichwa, anaongeza kidonge kingine.

Kijiji nacho kikaingilia. Huku kwetu kila mtu anajua presha inaletwa na nini: hasira na mawazo. Kwa hiyo likapita neno, sijui alilitoa nani, kwamba Melkiori asiudhiwe. Nasema kweli, watu wakaanza kumtembelea kwa sauti ya msibani. Sostenes, rafiki yake wa kucheza bao, aliyekuwa akimfunga na kumcheka tangu ujana wao, na aliyeendelea kumfunga hata alipobaki kuzihesabu kete kwa vidole, akaanza kushindwa makusudi. Nyegere alipovunja mizinga miwili tukaficha habari. Wifi alipika mlenda bila chumvi, na kaka alipouliza kwa nini hauna ladha, akajibiwa kwa upole ule ule wa kuudhi, "Kula tu, baba." Hakuna aliyebishana naye. Hakuna aliyemtania. Hata mimi, mwenye mdomo huu Mungu alionipa, nilikuwa nikimjibu "ndiyo kaka" kutwa nzima mpaka taya zikaniuma.

Siku moja aliniambia, tumekaa barazani, "Dorika, niambie ukweli. Daktari amesema nakufa?"

"Nani amesema hivyo?"

"Sostenes kashindwa bao mara zote wiki hii. Mtu hashindwi namna hiyo ila kwa maiti."

Nilitaka kucheka, nikakumbuka presha, nikamwambia Sostenes siku hizi amezeeka. Akanyamaza. Ule unyamavu wake niliuona, ila sikujua la kufanya nao.

Kisha akaanza kuanguka. Vidonge vilikuwa vimekuwa vingi, akinyanyuka ghafla dunia inamzunguka. Mara ya kwanza alianguka mlangoni pa banda la kuku, kuku wakamkimbilia kichwani wakidhani kuna mtama. Luciana alilia, nami nikapata hofu ya kweli. Na kambi ya macho ilikuwa inakuja. Mwaka uliopita yule daktari wa macho alikuwa ametuambia wazi kwamba mtoto wa jicho akiachwa akakomaa mno kazi inakuwa ngumu, na kwamba hawaahidi kitu. Kwa hiyo tulijua wote, na yeye alijua kuliko sisi, kwamba mwaka huu presha ikikataa, ile njia ya mizingani ndiyo basi.

Siku ya kwenda, kaka aliagiza akamatwe jogoo mwekundu, yule mkubwa kupita wote, wa kumpelekea Daktari Amri. Mtu haendi mikono mitupu kwa mwenyeji anayemwomba kitu. Nikambeba kwenye tenga dogo mkono wa kushoto, kaka mkono wa kulia, na wote wawili walikuwa kimya kwa namna moja.

Katika chumba cha kupimia tulimkuta nesi mgeni. Msichana mfupi, uso wa duara, mwanya katikati ya meno, kofia imekaa upande. Nilisubiri amwamkie mzee. Hakumwamkia. Alichukua karatasi yake, akasoma, akainua macho.

"Unatoka Misigiri?"

"Ndiyo, mama," kaka akajibu, vifungo vimefungwa hadi kooni.

"Mnyiramba?"

"Ndiyo."

"Eeh, Mungu mkubwa. Asubuhi asubuhi nimeletewa mtumwa wangu. Mwangaluka," akamsalimu kikwao.

Nilihisi damu inanipanda mimi. Mtoto mdogo, mzee wa watu hampi shikamoo, anamwita mtumwa. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshachukua tenga langu, akachungulia ndani, akalisukuma chini ya meza yake kwa mguu.

"Na huyu jogoo nimemshika. Ni wangu."

"Huyo ni wa daktari," nikasema.

"Mtani akishika, kimeshikwa. Hujui mila za kwenu?"

Nilikuwa tayari kuinama nimchukue jogoo kwa nguvu, lakini kaka akaniwekea mkono gotini. Nikamtazama. Mabega yake, yale yaliyokaa masikioni mwaka mzima, yalikuwa yanashuka. Yalishuka polepole kama unga unaokaa sawa kwenye debe.

"Dorika, mwache," akasema. "Huyu ni Msukuma, mtani wetu tangu enzi za mababu. Kwao wamekua kwa michembe, viazi vilivyokaushwa, wakiona kitu chenye miguu miwili na manyoya wanachanganyikiwa."

Sikuwa nimesikia utani mdomoni mwa kaka yangu tangu kijiji kilipoanza kumhurumia.

"Bora michembe," nesi akajibu huku akizungusha kitambaa, "kuliko huo mlenda wenu. Mnauvuta kama makamasi, ndiyo maana hata maneno yenu yanateleza."

"Jina lako nani wewe mwenye balaa?"

"Minza. Wa Bariadi."

"Nilijua. Sauti yako tu inanuka ng'ombe. Bahati yangu mimi sioni, maana nikiiona na sura nitakufa kabla ya upasuaji."

"Funga mdomo sasa. Mashine haisikii Kinyiramba."

Akanyamaza. Hakunyamaza kama siku zile za kusubiri hukumu. Alinyamaza kwa tabasamu la mtu anayetafuta tusi la kujibu, miguu ameinyoosha, kifungo cha juu amekifungua mwenyewe bila kujua. Mashine ikavuma, ikashusha pumzi. Minza akaangalia namba. Akapima tena. Akahamia mkono wa pili. Kisha akatoka bila neno, na moyo wangu ukatoka naye.

Alirudi na Daktari Amri. Daktari alisimama mbele ya kaka, akampa shikamoo yake nzuri ya mikono miwili, akasema ngoja nipime mwenyewe. Na mimi nikaona. Kifungo cha juu kilifungwa. Mgongo ukanyooka. Mabega yakapanda.

"Tulia tu, mzee wangu," daktari akasema.

Namba zikaruka juu.

Daktari aliitazama mashine, akamtazama kaka, akamtazama Minza. Akatoka nje akasimama nyuma ya mlango. Minza akamwambia kaka kwamba hata jogoo analia kwa furaha ya kuhamishiwa kwa watu wenye akili. Kaka akasema jogoo analia kwa kuwa amejua ataliwa na fisi. Wakanyamaza, mashine ikapima. Namba zikashuka. Daktari akachungulia, akaona, akaegemea ukuta akacheka hadi akavua miwani kujifuta macho.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye presha ya mzee."

Akavuta kiti, akakaa, akatueleza. Alisema wapo watu ambao mwili wao ukiona koti jeupe unajiandaa kana kwamba kuna simba, moyo unaenda mbio, mishipa inakaza, hata kama mwenyewe kwa mdomo anasema hana tatizo. Kwa nje mtu ametulia, kwa ndani anakimbia. Mwili hauna mahali pengine pa kuiweka hofu ambayo mdomo umekataa kuisema. Alisema jambo hilo alilisoma chuoni na analijua vizuri, ila kwa mzee aliyejibu "vizuri kabisa" kila mwezi hakulifikiria. Kisha akaniuliza mimi nyumbani anakuwaje.

Nikamweleza yote: kuanguka, kuku kichwani, bao la Sostenes, mlenda usio na chumvi. Kwenye kuanguka aliacha kucheka.

"Mzee," akamgeukia kaka, "unaogopa nini hasa?"

Kaka aliigeuza kofia yake gotini. Nilijua anatafuta lile jibu la "sina tatizo". Lakini Minza alikuwa amekaa pale juu ya meza, anabembeza miguu, na sidhani kama mtu anaweza kujifanya jiwe mbele ya mtani wake.

"Naogopa mkinipasua nisione," akasema. "Nyuki ninamwona anakuja. Hili siwezi kuliona linakuja. Na huko nyumbani wameshaanza kunizika. Nikifika hapa nawaza, hawa nao watanihurumia sasa hivi."

Sijui kama nimewahi kusikia sentensi ndefu namna hiyo kutoka kwake kuhusu moyo wake. Nilijifuta kwa kanga nikajifanya napenga kamasi.

Daktari aliamua alazwe pale hospitali kabla ya zamu yake ya upasuaji, na apimwe asubuhi na jioni na Minza peke yake, yeye mwenyewe asionekane wodini. Tukafanya hivyo. Wodi nzima ya wanaume ikawa inasubiri hivyo vipimo kama watu wanavyosubiri mpira. Minza akiingia kaka anatangaza kwamba wagonjwa wafiche vyakula, Msukuma amefika. Minza anajibu kwamba anapima watumwa wake waliobaki kabla hajawauza. Jirani wa kitandani mwenye mguu wa bandeji alimwomba kaka aache, mshono wake unauma akicheka. Na presha ikawa inasoma vizuri, asubuhi na jioni. Daktari akapunguza vidonge hadi kikabaki kimoja, akasema tutakuwa tunampima nyumbani tuone. Kizunguzungu kikaisha. Kaka akala ugali wote na kuulizia kama upo mwingine.

Siku ya upasuaji daktari wa macho alikubali Minza aingie akae karibu na mkono wa mgonjwa. Jicho moja kwanza, la kulia. Mgonjwa huwa macho, anachomwa ganzi tu, na sharti kubwa ni moja: asitikise kichwa, asiongee. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya Minza. Mimi nilikuwa nje, lakini nilisimuliwa na kila mtu aliyekuwa ndani.

"Mtumwa wangu," alimwambia kaka wakiwa wameshaanza, "yule jogoo nimemla jana. Mgumu kama roho ya Mnyiramba."

Kaka hakuweza kujibu. Vidole tu vilicheza.

"Nilimchemsha tangu mchana. Nikaona afadhali nichemshe tenga."

Vidole vikapiga godoro. Daktari wa macho akasema kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa akicheka, kesho atakuwa anaona kwa sikio. Basi kaka yangu alilala pale amekaza meno, si kwa hofu tena, bali kwa majibu yaliyomjaa kifuani bila njia ya kutokea. Presha haikuthubutu kupanda. Ilikosa nafasi.

Jioni ile, jicho limefunikwa, alinishika mkono akaniambia amepata tusi. Alilitunga muda wote amelala chini ya taa. Lilihusu chura wa bwawa fulani huko Bariadi aliyeposwa akakataa, na wazazi wa chura, na sura ya Minza. Lilikuwa refu na lilipangwa vizuri, na nilicheka hadi nikashika kitanda. Akasema atalitoa wakibandua bandeji, mbele ya wodi nzima, iwe fundisho.

Asubuhi tukakusanyika. Luciana alikuwa nyumbani na magoti yake, akipiga simu kila mara nikimwambia bado. Daktari wa macho akabandua plasta taratibu, akasafisha, akasema mzee fungua. Kaka akafungua. Akapepesa, mwanga ukamsumbua, akapepesa tena. Minza alikuwa amejisogeza makusudi, uso wake mbele ya uso wa kaka, mikono kiunoni.

"Haya mtumwa wangu. Ulisema bahati yako huioni sura yangu. Bahati imekwisha. Sema."

Kaka akafungua mdomo, na yule chura hakutoka. Alimtazama yule msichana, kofia upande, mwanya, shavu moja lina kovu dogo ambalo hata mimi sikuwa nimeligundua. Alimtazama kama mtu aliyepewa maji akasahau kuyanywa. Jicho likajaa, chozi likashuka.

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana. Mbaya kuliko nilivyotegemea."

Na hakuliondoa jicho usoni pake.

Minza alichukua pamba akampangusa chini ya jicho, akimwambia asilifikiche. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya kwanza. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," kaka akasema.

Yule jirani mwenye mguu wa bandeji ndiye aliyeanza kupiga makofi. Daktari Amri alikuwa dirishani kwa nje, kajificha nusu, asije akaharibu. Kaka akamwona. Akamwita kwa mkono.

"Njoo, simba," akamwambia. "Leo nimekuona. Mbona mdogo hivi?"

Halafu akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha pili na fimbo yake mapajani. Alinitazama muda, kuanzia kichwani.

"Dorika."

"Bee, kaka."

"Umezeeka."

Nikajishika kichwani.

"Nywele zote hizo nyeupe. Na hilo jino limekwenda wapi? Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," nikasema, na hapo nikalia kwa sauti bila kujali nani ananitazama, kwa furaha tupu, kwa sababu mwaka wote ule wa huruma na sauti za msibani hakuna aliyeniambia neno tamu kama hilo.

Tuliporuhusiwa alisimama mwenyewe. Nikanyoosha mkono kama kawaida. Akanikabidhi fimbo.

"Nishikie," akasema, akatangulia kwenye korido, mkono ukutani kwanza, halafu bila ukuta. Nikamfuata nyuma na fimbo yake, nikimwambia apunguze mwendo, mimi si msichana. Hakupunguza.